Kabla ya Kumfunga Farasi, Mwulize Mwenye Nyasi

Huenda baadhi ya ndugu zetu wakashangaa kuona ukurasa huu ukizungumza habari za farasi. Watasema: "Sisi watu wa Rungwe tuna chai na migomba, tuna viazi na parachichi, tuna ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Farasi ametoka wapi?" Swali hilo ni la haki, wala hatulidharau. Farasi si mnyama wetu. Mtoto wa Tukuyu aweza kumaliza darasa la saba asimwone farasi ila katika picha ya kitabu.

Lakini mambo hayasimami mahali pamoja. Katika nchi za Kilimanjaro na Arusha wako watu wanaowachukua wageni safari za siku nyingi juu ya farasi, wakilala katika mahema. Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, wageni hupanda farasi vilevile. Na upande wa kusini, ng'ambo ya mto Songwe, iko nyanda ya Nyika katika Malawi, ambako kwa miaka mingi wageni walitoka kambi ya Chelinda, yenye kimo cha karibu mita 2,300, wakapita katika majani kwa farasi siku baada ya siku. Sasa mtu akiitandaza ramani mezani ataona kwamba Rungwe iko kati ya Mufindi na Nyika. Ataona pia Kitulo, nyanda ya maua iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, na ziwa Ngozi lililofichwa ndani ya kinywa cha volkano. Si ajabu, basi, kama siku moja atatokea mtu mwenye farasi sita au kumi, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji na kuuliza: "Je, hapa twaweza kulala?"

Sisi twaona ni heri swali hilo lifikiriwe kabla ya kuulizwa. Kambi nzuri ya farasi katika Rungwe ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni la mnyama mwenyewe: apate mahali pasipo na maradhi, pakavu, penye maji na chakula. Sharti la pili ni la watu: wale wanaoishi kwa nyasi hizo na maji hayo wawe wamekubali, na wawe wamepata haki yao. Wasafiri wengi hulifikiri la kwanza na kulisahau la pili. Historia yetu wenyewe inatuonyesha kwa nini hilo la pili halisahauliki.

ALIPOKUFA FARASI, MTU ALIBEBA

Mwaka 1871 Bwana Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa mapema, kabla msafara haujafika mbali kutoka pwani. Mizigo haikurudi Bagamoyo kwa sababu hiyo. Iliendelea na safari juu ya vichwa na mabega ya wapagazi.

Miaka arobaini na mitano baadaye jambo lilo hilo lilitokea tena, ila kwa ukubwa wa kutisha. Katika vita ya 1914 hadi 1918 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia nchi yetu na askari wapanda farasi. Jenerali van Deventer alikwenda nao mbio hadi Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916, na njiani farasi wengi walianguka. Mwaka ule wa 1916 haujaisha, farasi, nyumbu na punda walikuwa wamekufa kwa maelfu na maelfu, kwa mbung'o, kwa mvua, kwa njaa na kwa kuchoshwa.

Wahenga husema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Katika vita ile punda alikufa kweli, na mzigo ukapewa binadamu. Vijana walichukuliwa vijijini, pande zote mbili za vita, wakabeba unga, risasi na majeruhi. Makumi ya maelfu hawakurudi kwao. Kariakoo ya Dar es Salaam, ambayo leo twaijua kwa soko na mpira, ilipata jina lake kwa kundi hilo la wachukuzi. Hata Tukuyu, uliokuwa ukiitwa Neu Langenburg na Wajerumani, uliingiwa na jeshi la Jenerali Northey kutoka Nyasaland mwishoni mwa Mei 1916, na jeshi lile pia lililishwa kwa mabega ya wachukuzi, ambao huko Nyasaland waliitwa tenga-tenga.

Tena neno "kambi" lilikuwa na uchungu wake kwa wazee wetu. Mkubwa wa serikali ya kikoloni alipopiga hema karibu na kijiji, kijiji kilitakiwa kutoa kuni, maji, vyakula na watu wa kuchukua mizigo asubuhi yake. Hakuna aliyeuliza kama nyasi zilizolaliwa zilikuwa malisho ya nani. Kambi ilikuwa amri.

Hatuyasemi haya ili kumchukia farasi, kwa maana mnyama hana kosa. Twayasema ili mgeni wa leo ajue anapokanyaga, na mwenyeji wa leo ajue kwamba anayo haki ya kuulizwa.

ADUI WATATU WA FARASI

Sasa tuje kwenye sharti la kwanza. Mtu atakaye kumlaza farasi salama yampasa kuwajua adui zake.

Adui wa kwanza ni mbung'o. Huyu huleta nagana, ugonjwa ambao David Bruce aliuchunguza huko Zululand katika mwaka 1895 akagundua kwamba mbung'o ndiye anayeusambaza. Hapo Rungwe imebahatika, kwa kuwa mbung'o hapendi baridi ya nyanda za juu. Lakini farasi hashuki kutoka mbinguni. Akiletwa kwa miguu kupitia mapori ya Chunya au ya Ruaha, aweza kufika Tukuyu akiwa tayari na ugonjwa damuni. Kwa hiyo aliye na akili humleta kwa gari, akapita mapori hayo upesi, kisha akamtoa mahali penye baridi.

Adui wa pili ni mdogo zaidi, naye ni mkali zaidi. Ni usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo huruka kuanzia jua kuchwa hadi alfajiri na huzaana katika udongo wenye majimaji na samadi. Usubi hubeba virusi vya ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi. Punda huupata akavumilia, na pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili, bali farasi, akiupata kwa namna iliyo kali, hufa katika siku chache, na katika farasi kumi wasiopigwa chanjo hata tisa waweza kufa. Katika Rasi ya Tumaini Jema, mwaka 1719, ugonjwa huu uliua karibu farasi 1,700. Na katika 1854 na 1855 uliua karibu 70,000 katika nchi hiyohiyo. Dawa ya kuuponya haipo. Iko chanjo, ambayo hutolewa kabla ya msimu wa hatari na kurudiwa kila mwaka kwa shauri la daktari wa mifugo.

Adui wa tatu twamjua sote: ni mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo ukilowa hugeuka sabuni chini ya kwato. Farasi akisimama katika tope usiku baada ya usiku, nyayo za kwato zake huoza na kunuka, akaanza kuchechemea. Zaidi ya hayo mvua ikizidi usubi nao huzidi. Basi miezi ya safari ya farasi katika Rungwe ni ile ya kiangazi, yaani Juni hadi Oktoba. Na hata hapo Juni na Julai zina baridi kali huko juu, na mnyama mgeni hutaka blanketi mgongoni.

VIWANJA VYENYEWE

Tumeshajua adui, sasa tupite nchini, tukitazama mahali hata mahali, kama mtu anayeteremka kutoka Mbeya kwa njia kuu.

Mtu akitoka Uyole na kupanda kuelekea Isongole, huingia katika nchi ya baridi yenye viazi na mboga. Kutoka hapo wageni hupanda kwenda Ngozi. Lakini njia ya Ngozi ni ya miguu ya binadamu. Ni nyembamba, ni ya mwinuko mkali katika msitu, na ukingo wa ziwa ni ukuta unaoteremka. Farasi asipandishwe huko. Kama mgeni ataka kuliona ziwa, na amwache farasi chini kwa mlinzi, yeye mwenyewe aende kwa miguu kama watu wengine.

Sehemu hiyo ya kutoka Isongole hadi Isyonje, chini ya msitu na juu ya migomba, ndiyo twaionayo kuwa bora kuliko zote kwa kambi. Ina kimo cha kutosha kuupunguza usubi, ina upepo, na mahali pengi udongo wake ni wa majivu na mawe mepesi ya volkano, ambao hunyonya maji upesi. Liko pia Shamba la Miti la Kiwira, mali ya serikali, lenye misonobari na njia pana za kuzuia moto. Mahali pa namna hiyo pana miti ya kufungia kamba, na hapana shamba la mtu la kuharibiwa. Lakini hapo sharti ruhusa ya wakuu wa shamba ipatikane kwanza, na moto uangaliwe kama adui, maana kiangazi cheche moja yaweza kuteketeza kazi ya miaka ishirini.

Kutoka Isyonje iko njia ya kwenda Kitulo, ikipita Bujingijila, ule ukanda mwembamba unaounganisha msitu wa mlima Rungwe na misitu ya Livingstone. Humo huishi kipunji, nyani aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 2003 na kutangazwa ulimwenguni mwaka 2005, ambaye hapatikani po pote ila katika misitu michache ya nchi yetu. Hapo ni mahali pa kupita, si pa kulala.

Na Kitulo yenyewe? Mwenye farasi akiitazama atatamani. Ni nyanda ya majani matupu yenye kimo cha karibu mita 2,600, baridi, wazi, isiyo na mbung'o. Lakini Kitulo ni hifadhi iliyowekwa kwa ajili ya mimea, ikiwa na aina zaidi ya 40 za maua ya okidi yanayoota ardhini, na sheria ya hifadhi za taifa haimruhusu mtu kuingiza mnyama wa kufugwa kwa hiari yake. Kama wafugaji wa vijiji vya jirani wanazuiwa kupeleka ng'ombe wao mle, haiwezekani farasi wa mgeni aingie kwa kuwa bwana wake ana fedha. Atakayetaka kupita na apeleke ombi kwa wakuu wa hifadhi, na akikataliwa akubali. Nje ya mipaka ya hifadhi viko vijiji, na huko ndiko pa kuuliza kambi. Vivyo hivyo msitu wa mlima Rungwe, ambao ni hifadhi ya mazingira asilia, si malisho ya ng'ombe wala ya farasi.

Tukiteremka Kiwira twafika Daraja la Mungu, lile jiwe lililoruka mto kama daraja lililojengwa na fundi, na Kijungu, ambapo maji huzama katika mwamba. Ni mahali pazuri pa kunywesha na kupumzika mchana. Lakini bonde lina unyevu na kingo zake zina hatari kwa mnyama aliyeshtuka kwa kishindo cha maji. Asifungwe pale usiku.

Tukuyu, wenye kimo cha karibu mita 1,500, umezungukwa na chai, migomba na nyumba. Uwanja mtupu ni mchache sana. Farasi aweza kulala mjini usiku mmoja, ndani ya banda lenye paa na wavu, lakini si kambi ya siku nyingi.

Tena kuna wanaotaka kushuka zaidi: kwenda Masoko, lile ziwa la volkano lenye kimo cha mita 840 hivi, ambako Wajerumani walikuwa na boma la askari, au hata Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako kimo kimeshuka karibu na mita 500. Hizo ni nchi nzuri kwa macho. Kwa farasi, hasa mvua zikiwapo au zikiwa zimetoka kuisha, ni kumtoa mnyama kwa usubi kama sadaka. Mwenye kuipenda Matema na aende kwa basi.

Wamisionari wa Moravian walipofika nchi hii mwaka 1891 walipanda kutoka joto la ziwani, wakajenga chini ya mlima Rungwe mahali penye hewa ya baridi. Walijitafutia wenyewe afya, wala hawakumfikiria farasi. Lakini kanuni ni ile ile. Katika Rungwe afya iko juu.

MITI NA MAJANI YA KUOGOPWA

Liko jambo moja ambalo msafiri atokaye mbali halijui, na mwenyeji naye huenda asilijue kwa kuwa hajafuga farasi. Siku hizi parachichi imekuwa mali kubwa ya Rungwe. Mti wake una kivuli kizuri, na mtu mwenye farasi aliyechoka atauona ni mahali pa kumfunga. Asithubutu! Majani na magome ya mparachichi yana sumu kwa farasi, tena huweza kumdhuru moyo. Hasara ni ya pande mbili: farasi aumwa, na mkulima apoteza matawi aliyoyalea miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna.

Vivyo hivyo majani ya viazi na viazi vilivyogeuka kijani kwa jua. Na ile mimea jamii ya kangaga, mirefu, yenye majani kama manyoya, inayojaa milimani mahali palipochomwa moto au kuachwa bila kulimwa. Farasi akiila siku nyingi huanza kutetemeka na kuyumba. Kwa hiyo mtu asifungue tandiko kabla hajazunguka uwanja mzima kwa miguu, akiwa na mwenyeji, akiuliza jina la kila jani.

Tena wafugaji wa farasi wenye uzoefu hawamfungi mnyama kwenye shina. Akifungwa hapo huchimba mizizi na kutafuna magome hata mti ukafa. Hutanda kamba kati ya miti miwili, juu kuliko kichwa cha farasi, wakizungushia magunia mahali kamba inapogusa mti. Kisha hufunga kila farasi kwenye kamba hiyo, mmoja mbali na mwenziwe kwa mita tatu hivi. Na kamba hiyo huwekwa si chini ya mita 60 kutoka kijito, ili mkojo na samadi visiingie katika maji ambayo mama aliye chini atayateka asubuhi.

NYASI NI ZA NANI?

Sasa tumefika kwenye sharti la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Farasi wa kadiri ya kilo 400 hutaka kama kilo 8 za chakula kikavu kwa siku, yaani karibu kilo 40 za nyasi mbichi. Hunywa lita 30 au zaidi. Farasi kumi, basi, hula kilo 400 za nyasi mbichi kila siku. Tukikadiria kwamba mzigo wa nyasi anaobeba mama kichwani ni kilo 20, hiyo ni mizigo ishirini. Kambi ya siku mbili ni mizigo arobaini.

Katika nchi yenye mbuga pana hesabu hiyo si kitu. Lakini Rungwe si mbuga. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na ng'ombe wa maziwa hufungiwa zizini kwa sababu hakuna pa kumwachia. Nyasi zilizoko kingo za shamba na kando ya njia zina mwenyewe, hata kama hazina ugo. Zimepandwa, zimehesabiwa, na kwa hizo maziwa hupatikana, na kwa maziwa sare ya shule na sukari ya nyumbani. Mgeni huona majani ya bure. Mwenyeji huona maziwa ya juma lijalo. Farasi kumi wakilala mahali hapo usiku mmoja tu bila mapatano, iko nyumba ambayo ng'ombe wake atakamuliwa pungufu.

Wala sheria haiko kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Si mali ya mwenyekiti peke yake, wala ya mtendaji, wala ya kijana aliyekutana na wageni njiani akawaambia, "Laleni hapa, nipeni mimi kitu kidogo."

Wanyakyusa wana neno lao, ukwangala, maana yake kukaa pamoja na wenzako kwa furaha na ujirani mwema. Mtu anayekula peke yake huku jirani akimtazama hana ukwangala. Mgeni akifika na kusema "Mugonile" kwa adabu, akavua kofia mbele ya wazee, akaeleza haja yake, mlango hufunguka. Wala hatutaki akose makaribisho. Sisi si watu wa kufukuza wageni. Lakini mithali ya Kiswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Farasi hawezi kushika jembe. Bwana wake ana mfuko, na mfuko ndilo jembe lake.

SHAURI LETU

Twapendekeza, basi, kwa vijiji vilivyo njiani kati ya Isongole na Isyonje, na vile vinavyopakana na Kitulo, visingoje siku ya kushtukizwa. Kila kijiji kinachotaka wageni wa namna hii na kichague uwanja mmoja katika Mkutano Mkuu wa Kijiji: mahali pakavu, penye upepo, mbali na bwawa na chemchemi, pasipo miparachichi, karibu na barabara ili daktari wa mifugo aweze kufika. Kijiji kisichotaka nacho kina haki ya kusema hapana, na neno lake liheshimiwe.

Nyasi zisichungwe hovyo; ziuzwe. Mwenye farasi atume habari mapema, na wakulima walio na ziada wakate na kupima kwa mzani mbele ya watu wote. Hivyo aliye na nyasi hupata shilingi, asiye na ziada haibiwi, na vijana hupata kazi ya kuchota maji na kulinda usiku. Ada ya uwanja iingie katika mfuko wa kijiji kwa stakabadhi, na hesabu yake isomwe mkutanoni pamoja na hesabu nyingine.

Samadi nayo isipuuzwe. Farasi mmoja hutoa zaidi ya kilo 15 kwa siku, na migomba ya Rungwe tangu zamani imestawi kwa samadi. Lakini ikusanywe kwa koleo, irundikwe ioze kwanza, wala watoto wasiicheze kwa miguu mitupu. Lugha yetu imeuita ugonjwa mmoja pepopunda, na kweli vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya farasi na punda, vikamwingia mtu kwa jeraha. Chanjo yake ipo, kwa watu na kwa farasi, na anayeshughulika na farasi aipate.

Mwisho, mwenye farasi aje na cheti cha chanjo za wanyama wake, na amwone ofisa wa mifugo wa wilaya kabla hajapiga hema. Hilo si la kumsumbua. Ni la kumlinda yeye, na kuwalinda punda wanaobeba viazi na kuni za watu wetu, ambao nao waweza kuambukizwa mengi na mnyama mgeni.

Wako watakaosema kwamba haya ni masharti mengi mno kwa mnyama ambaye pengine hatakuja. Twawajibu kwamba uwanja uliochaguliwa kwa farasi utamfaa pia mwenye baiskeli, mwanafunzi wa mimea, na kundi la vijana wa shule wanaopanda mlima. Na mapatano yaliyoandikwa kwa ajili ya nyasi za siku mbili yatatufundisha kuandika mapatano makubwa zaidi, siku atakapokuja mtu anayetaka ardhi yenyewe.

Siku hiyo farasi wa kwanza atakapotokea katika ukungu wa Isyonje, mwenyekiti wa kijiji asishangae wala asibabaike. Na amsalimu mgeni, amwonyeshe uwanja uliokwisha kukubaliwa, amtajie bei ya nyasi, kisha amwandikie stakabadhi. Hapo farasi atalala salama, na ng'ombe wa jirani atakamuliwa asubuhi kama kawaida.